Shajara ya karakana: piramidi kwenye ubao wa futi nane kwa nne

Siku ya 1

Jioni Mwalimu wa historia wa sekondari ya jirani kaja na picha aliyoichapa kwenye karatasi. Anataka piramidi ya Misri kwa chumba chao cha historia: ya plaiwudi, rangi ya mchanga, isizidi upana wa meza. "Fundi, kila mwaka vijana wananiuliza ilikuwa ya kazi gani. Nawajibu ni kaburi la mfalme, kengele inalia, wiki inayofuata tunaingia Ugiriki." Nimemwambia siku mbili. Pembetatu nne na kitako, kazi imekwisha. Kakubali bei bila kubisha, nami badala ya kushtuka nikafurahi.

Naandika humu kwa sababu kabati la mwezi uliopita nilikata mbao mara mbili kwa kusahau vipimo.

Siku ya 3

Bado sijakata. Nilitafuta vipimo vya piramidi kubwa ya Giza, ile ya mfalme Khufu, nikakuta kitako ni mita 230.3 kila upande na kimo kilikuwa mita 146.6 ilipokuwa mpya. Tarakimu hizi zilinisumbua usiku. Hakuna fundi anayekaa chini akaamua kujenga mita 230.3.

Leo nimeelewa. Mita si yao. Wao walipima kwa dhiraa ya kifalme, ambayo ni sentimita 52 na kitu, ndefu kuliko dhiraa yetu ya kiwiko hadi ncha ya kidole. Ukigawanya unapata kitako dhiraa 440, kimo dhiraa 280. Sasa nasikia sauti ya fundi mwenzangu.

Dhiraa ile ina viganja 7, na kila kiganja wanda 4, yaani upana wa vidole vinne, kwa hiyo wanda 28. Na mwinamo hawakuutaja kwa nyuzi. Waliuliza: ukipanda dhiraa moja, unaingia ndani viganja vingapi? Kwa Khufu ni viganja 5 na nusu. Hesabu hiyo waliiita seked. Kenchi za paa hapa tunazikata vivyo hivyo. Sijawahi kumwambia kijana "nyuzi thelathini", namwambia inuka kiasi hiki kwa kila futi. Nimechonga fimbo ya mninga yenye alama 28, guni nimeliacha ukutani. Mwanagenzi wangu ananitazama kwa huruma.

Kipimo: 1 kwa 500. Kitako sentimita 46, kimo sentimita 29.3.

Siku ya 4

Kitako kimekatwa. Upande mmoja umezidi milimita 3. Kidogo? Zidisha mara 500 uone: mita moja na nusu. Wale pande zao nne zinapishana kwa sentimita chache tu, na usawa wa msingi wote, eneo la ekari 13, haupotei kwa zaidi ya sentimita 2 hivi. Kaskazini wameilenga kwa kosa lisilofika sehemu ya kumi ya nyuzi moja. Mimi nina pimamaji la kununua dukani na msumeno wa umeme.

Nimetupa kile kipande. Nimekata kingine.

Siku ya 8

Piramidi ya Khufu imesimama, imepigwa msasa, na haisemi kitu. Ni pembetatu nne kama nilivyoahidi. Mwanagenzi kauliza kwa nini walichagua umbo hili, nikajikuta namjibu "kaburi la mfalme" na hapa kengele ya kuniokoa hakuna. Nimempigia Mwalimu kumwomba muda. Nitaanza mwanzo wa ukoo, pesa ile ile.

Mwanzo ni mastaba. Neno la Kiarabu lenye maana ya benchi la nje ya nyumba. Waarabu wa Misri walipoyaona makaburi yale ya kale, marefu, ya juu bapa, wakaona mabenchi. Sisi tungeyaita mabaraza. Kaburi chini ya ardhi, juu yake baraza la matofali ya udongo, na mahali pa kuweka chakula cha marehemu. Hii sehemu ya chakula niliipita haraka nikaona si ya seremala. Nimeiwekea alama sasa.

Kisha Saqqara, karibu mwaka 2650 KK, mfalme Djoser. Msimamizi wa kazi ni Imhotep, jina lake limechongwa kwenye kitako cha sanamu ya mfalme mwenyewe, heshima ambayo mafundi wengi hatutaiona. Walianza na baraza la mawe, wakalipanua, wakapandisha baraza juu ya baraza. Mwisho ngazi 6, mita 62 hivi. Kwa kipimo changu ni sentimita 12 na nusu. Nimezikata ngazi sita za plaiwudi, nikabandika kwa gundi, saa mbili kazi imekwisha. Kitako chake si mraba kamili, upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Hilo nalo ni alama ya jengo lililobadilishwa mawazo njiani.

Siku ya 12

Sneferu, baba yake Khufu. Huyu ndiye ninayempenda, kwa sababu makosa yake yanaonekana.

Meidum kwanza. Jengo lilianza kama ngazi za Djoser, likaongezewa, halafu mapengo ya ngazi yakajazwa ili pande ziwe laini kutoka chini hadi ncha. Ganda hilo la nje liliporomoka. Leo unaona mnara mkubwa umesimama katikati ya rundo la kifusi, kama mhogo uliomenywa nusu. Nimeijenga kama ilivyo sasa, na kifusi nimetumia vumbi la mbao na gundi.

Ya pili Dahshur. Walianza na mwinamo mkali, nyuzi 54 hivi. Ardhi ya chini haikuwa mwamba imara, jengo likaanza kutitia na kupasuka. Ndani ya chumba cha juu bado kuna magogo ya mierezi waliyoyakaza ukuta kwa ukuta. Naiona picha hiyo wazi: msimamizi anatazama ufa, anaagiza magogo, halafu halali. Walipofika mita 47 hivi wakapunguza mwinamo hadi nyuzi 43, uzito upungue, na jengo likamalizika mita 105 likiwa na goti. Kwangu goti liko sentimita 9.4.

Siku ya 15

Mwalimu kapita kukagua. Kaiona ya Dahshur mezani, kaizunguka mara mbili, kwa adabu kabisa: "Fundi, samahani, hii naona imepinda."

"Haijapindwa na mimi, Mwalimu. Mlalamikie Sneferu."

Tumecheka, kisha nikamwonyesha ya tatu, Piramidi Nyekundu, kilomita chache tu kaskazini ya ile iliyopinda. Hapa hawakubahatisha: nyuzi 43 tangu kozi ya kwanza, ule mwinamo uliookoa jengo lililotangulia. Ikasimama, na bado imesimama. Ndipo Khufu akathubutu kuurudisha mwinamo mkali, safari hii juu ya mwamba.

Mwalimu kanyamaza, kisha kauliza swali ambalo limenikaa kichwani mpaka sasa. Kama ni kaburi tu, maiti moja ina haja gani na piramidi tatu? Nilitaka kujibu kwamba mbili zilikuwa mazoezi. Lakini mazoezi hayavikwi mawe mazuri yakamalizwa hadi kileleni. Sneferu peke yake aliinua mawe mengi kuliko mwanawe, na watu wanamkumbuka mwana.

Siku ya 19

Vijana kumi na wawili wa klabu ya historia wamejaa karakana, wamekalia mabenchi ambayo gundi haijakauka. Shikamoo fundi, marahaba, na mara tu maswali. Wa kwanza: "Fundi, si walijenga majini?" Mwingine kaona video inayosema ni viumbe wa angani. Wa tatu, mtoto wa mchungaji, kasema ni Wana wa Israeli walipokuwa utumwani.

Nimeanza na wa tatu kwa sababu alikuwa na kitabu mkononi. Nimemwambia asome Kutoka sura ya kwanza: miji ya akiba, Pithomu na Ramesesi, na kazi ni udongo na matofali. Hakuna piramidi. Na wafalme walioitwa Ramesesi walikuja zaidi ya miaka elfu moja baada ya Khufu. Kijana kasoma mara mbili kimyakimya.

Kuhusu majini nimewaambia majini hawali mkate. Kusini ya Giza, mahali paitwapo Heit el-Ghurab, timu ya mwanaakiolojia Mark Lehner imefukua mji wa wafanyakazi: viwanda vya mkate, mabweni, mifupa mingi ya ng'ombe, kondoo na mbuzi. Mwaka 1990 farasi alijikwaa kwenye ukuta wa matofali ya udongo karibu na hapo, na chini yake yakapatikana makaburi ya wajenzi wenyewe. Mifupa yao ina dalili za kubeba mizigo mizito, na kuna iliyovunjika ikaungwa ikapona. Mtu alimfunga banzi na kumpa muda wa kulala. Magenge yalijiandika majina kwa rangi kwenye mawe yaliyofichika: Marafiki wa Khufu, na kwenye piramidi ya tatu ya Giza, ya mfalme Menkaure, Walevi wa Menkaure. Hilo la walevi limenivurugia darasa kwa dakika tano.

Herodotus, Mgiriki aliyefika miaka elfu mbili baadaye, aliandika watu laki moja. Wachimbaji wa siku hizi wanakadiria elfu ishirini hadi thelathini kwa wakati mmoja. Watumwa wa minyororo hawakuwa, maana mtumwa hazikwi kando ya mfalme akiwa na cheo chake kimeandikwa. Ila sitawadanganya vijana kwamba kila mtu alijipeleka kwa hiari. Nchi ilidaiwa nguvu kazi, na kijiji kikidaiwa kinatoa watu. Babu yangu aliijua kazi ya namna hiyo katika zama za mkoloni, na hakuwahi kuisimulia akitabasamu.

Hesabu niliyowaachia: mawe milioni 2.3, miaka 20, saa 10 kwa siku. Wameleta jibu kabla ya kuondoka. Jiwe moja kila dakika mbili, bila siku ya mapumziko, na jiwe la wastani ni tani mbili na nusu.

Siku ya 22

Leo hatukufanya kazi ya maana, tumecheza mchanga. Kuna picha kwenye kaburi la mkuu mmoja aitwaye Djehutihotep, la karibu mwaka 1900 KK: sanamu kubwa imelazwa juu ya kitelezo cha mbao kisicho na magurudumu, watu 172 wanaivuta kwa kamba, na mtu mmoja kasimama mbele ya kitelezo anamwaga maji mchangani. Miaka mingi walidhani ni tambiko. Mwaka 2014 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walijaribu, wakakuta mchanga uliolowa kwa kiasi unapunguza nguvu ya kuvuta karibu nusu, kwa sababu mchanga mkavu unajirundika mbele ya kitelezo.

Nimeazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki, tumejaza mchanga kwenye trei ya zege, tumeweka tofali juu ya ubao. Mkavu: rundo linajitokeza mbele, mkono unauma. Unyevu kidogo: mshale umeshuka, si nusu kama ya Amsterdam, ila umeshuka waziwazi. Mwanagenzi akazidisha maji, ubao ukanata kama kwenye uji. Kwa hiyo yule mmwaga maji kwenye picha hakuwa kibarua wa kuokotwa. Alikuwa fundi, kajua kiasi.

Mizani imerudi kwa mwenyewe ikiwa na mchanga kwenye springi. Nimesemwa.

Siku ya 26

Nimempata mtu aliyekuwa na daftari kama hili.

Mwaka 2013 timu ya mwanaakiolojia Pierre Tallet, huko Wadi al-Jarf kwenye ufukwe wa Bahari ya Shamu, ilifukua vipande vya mafunjo yaliyoandikwa. Hakuna mafunjo yenye maandishi ya zamani kuliko hayo yaliyowahi kuonekana. Sehemu yake ni shajara ya kazi ya mkaguzi mmoja, Merer, aliyeongoza watu kama arobaini, miaka ya mwisho ya utawala wa Khufu. Kazi yao ilikuwa kuchukua mawe meupe ya chokaa kwenye machimbo ya Tura, ng'ambo ya mto, na kuyapeleka kwa boti hadi Giza. Ni mawe ya kuvika ganda la nje.

Anaandika hivi, kwa maneno yangu: siku fulani, mkaguzi Merer ameshinda Tura na watu wake wakivuta mawe, wamelala Tura. Siku inayofuata wameng'oa nanga wamepakia mawe, wamelala kwenye Ziwa la Khufu. Inayofuata wamefika Upeo wa Khufu. Inayofuata wamerudi. Safari mbili au tatu kila siku kumi. Hakuna neno la ukuu wa mfalme, hakuna "maajabu". Bosi wa juu anatajwa kwa jina, Ankhhaf, ndugu wa Khufu kwa baba.

Upeo wa Khufu ndilo jina la piramidi yenyewe. Upeo, pale jua linapochomoza na kuzama. Mwalimu kanifafanulia kwa simu kwamba mfalme akifa alitarajiwa kuungana na jua, na kwamba kileleni mwa piramidi lilikaa jiwe dogo la umbo lile lile, mfano wa kilima cha kwanza kilichotoka majini dunia ilipoumbwa.

Lakini kilichonishika mimi ni lile ziwa. Giza leo ni jangwa na mji. Mto uko mbali, umehama kwenda mashariki. Wakati wa Merer mafuriko ya Nile yalifika karibu kabisa na mwamba, na walichimba mabwawa na mfereji boti ziingie zikiwa na mzigo. Tura iko juu ya mkondo, kwa hiyo walishuka na maji wakiwa wamepakia na kupanda wakiwa watupu. Mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Mwanza kadai hayo maji ni ya kwao. Kwa sehemu tu, nimemwambia. Mafuriko yenyewe yaliletwa na mvua za nyanda za juu za Ethiopia.

Maana yake ubao wangu una kasoro. Nimejenga milima mitano juu ya mbao kavu, bila bandari.

Siku ya 30

Ubao wa pili umenunuliwa, hasara yangu. Huu ni wa Giza.

Nimechagua piramidi ya Khafre, mwana wa Khufu, kwa sababu majengo yake yamebaki zaidi. Kutoka chini kwenda juu: hekalu la bondeni, pale boti zinapofika, kando ya Sphinx, ile sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu. Kisha barabara ya mawe iliyopanda karibu mita 500, yaani mita nzima kwenye ubao wangu. Kisha hekalu la juu, limeegemea piramidi upande wa mashariki. Kisha ndiyo piramidi. Nimeijenga kwa seked ya viganja 5 na robo, na mwanagenzi kaigundua pembetatu ya 3, 4 na 5 ambayo tunaitumia kila siku kunyoosha kona ya msingi. Kapiga kelele jirani akaja kuuliza kuna nini.

Na ile sehemu ya chakula niliyoiwekea alama siku ya 8 imerudi kunidai. Mfalme aliyekufa alikuwa anaendelea kula. Mashamba na vijiji vilitengwa kwa ajili yake, mkate, bia na nyama vikaletwa hekaluni, vikawekwa mbele yake, halafu wahudumu wakagawana. Kutoka Abusir yamepatikana mafunjo ya hekalu la piramidi moja ya nasaba ya tano: zamu za makuhani, hesabu za mapokezi, orodha ya vyombo, na chombo chenye ufa kimeandikwa kina ufa. Hiyo ni stoo. Mtunza stoo wa kweli alikuwapo hapo, na mfalme wake alishakufa siku nyingi.

Nimemwandikia Mwalimu ujumbe usiku: kaburi ndiyo, lakini kaburi lenye ofisi, mashamba, gati na mishahara. Na kwa Sneferu, naona nchi ilikuwa imekwisha kujipanga kwa ujenzi, ikiwa na magenge, waokaji, boti na makarani, na mambo ya namna hiyo hayasimami kirahisi. Hilo ni wazo langu mimi seremala.

Kuhusu imani, wajenzi wa Giza hawakuandika dua ukutani. Ndani ya Khufu kuta za chumba ni itale tupu kutoka Aswan, kilomita 800 hivi. Maandishi yalikuja baadaye, kwa mfalme Unas, Saqqara, karibu mwaka 2350 KK, kwenye piramidi ndogo ambayo nje ni kilima cha kifusi. Mwaka 1881 mtaalamu wa Misri ya kale, Gaston Maspero, aliingia akakuta kuta zimejaa maneno. Mojawapo linamwambia mfalme: Ewe Unas, hukuondoka ukiwa mfu, umeondoka ukiwa hai. Nimelichapa kwenye kikaratasi, nikalibandika ndani ya mlango mdogo. Mtoto atakayeinama ataliona.

Siku ya 33

Boti. Mwaka 1954 Kamal el-Mallakh alifungua shimo kando ya piramidi ya Khufu, ndani mna jahazi la mierezi ya Lebanoni limelazwa vipande vipande, 1,224. Likiunganishwa ni mita 43 na zaidi. Na halina msumari wa kushikilia ubao kwa ubao: limeshonwa kwa kamba. Nilipofika hapo nikaacha kazi nikaenda kwa mzee mmoja wa bandarini aliyewahi kunihadithia mitepe ya Lamu, majahazi yaliyoshonwa kwa kamba za makumbi. Kaangalia picha kwenye simu muda mrefu. "Mshono wao wameuficha kwa ndani," kasema. Ni kweli, mashimo hayatoboi hadi nje, ndiyo maana ukilitazama ubavuni huoni kamba. Mtepe mshono wake unauona.

La kwangu ni sentimita 8.7. Nimeshona kwa uzi wa kushonea viatu. Sura yake haipendezi.

Siku ya 38

Ugomvi wa rangi. Mwalimu aliagiza mchanga. Nimempaka Khafre jipsam nyeupe, nikaipiga msasa mpaka inang'aa, kwa sababu yale mawe ya Merer yalikuwa meupe na laini. Rangi tunayoijua ni ya tumbo la jengo baada ya kuvuliwa: tetemeko la mwaka 1303 lililegeza mawe ya nje, yakachukuliwa kwenda kujengea Cairo. Kileleni mwa Khafre bado limebaki pande la ganda la asili, kama kofia. "Watoto hawataitambua," kasema Mwalimu. Tumekubaliana: Khufu mchanga, Khafre nyeupe.

Kauliza pia zilikomaje. Kwa kifupi, makaburi yaliyoonekana toka mbali yaliibiwa yote, na baada ya mfalme Ahmose, karibu mwaka 1525 KK, wafalme wa Misri wakaacha kujijengea piramidi, wakajificha kwenye miamba ya bonde moja ng'ambo ya mji wa kale wa Thebes. Wafalme wa Kushi, Sudan ya leo, wakaliendeleza umbo hilo karne nyingi baadaye. Meroe, mji wao, na jirani zake zina nyingi kwa idadi kuliko Misri, ndogo na nyembamba. Kakodoa macho. Nimemwambia huo ni ubao wa tatu, na safari hii bei yake nitaitaja mimi.

Siku ya 41

Asubuhi tumepakia ubao wa kwanza kwenye guta. Mwanagenzi amekaa nyuma ameshikilia Djoser. Tumeshusha shuleni kabla ya kengele ya saa nne.

Tumerudi watupu.

Mchana tumepakia ubao wa pili. Jahazi limeng'oka njiani, nimelibandika kwa gundi chini ya mwembe. Tumeshusha saa tisa. Fimbo ya wanda 28 imebaki kwa vijana.

Tumelala kwetu.